Mama mkwe akikaa nyuma, tairi linakula madigadi

Shikamoo Fundi,

Mimi ni msomaji wako wa Tabata, nina miaka 29. Naendesha Toyota Altezza ya mwaka 2001 niliyonunua kwa mtu miaka miwili iliyopita. Mwenye gari wa kwanza alishalishusha kwa kukata springi, koili moja na nusu kila upande. Mimi nililikuta hivyo nikaridhika nalo, kwa sababu na rimu zake za kiwandani, inchi 17 kwa 7, ofseti 50, tairi 215/45, halikuwahi kugusa popote.

Baadaye nilidunduliza miezi minane nikanunua rimu zilizotumika kutoka Japani: inchi 18 kwa 8.5, ofseti 35, zote nne sawa. Muuzaji akanifungia na matairi ya 235/40. Gari likabadilika, hata majirani wakalisifia. Ila nyuma niliona rimu bado zimezama kidogo ndani ya madigadi, hazijajaa kama za mbele, nikaongeza spesa, vile visahani vya kusogeza rimu nje, za milimita 10. Likakaa ninavyotaka.

Nikiwa peke yangu sina tatizo kubwa. Nikikata usukani hadi mwisho kuna sauti ya plastiki kusuguliwa mbele kushoto, nimeizoea. Balaa lilikuja Jumamosi iliyopita. Tulikuwa tunakwenda Bagamoyo kwenye sendofu upande wa mke wangu. Nyuma alikaa mama mkwe na mashemeji wawili, kwenye buti kuna kreti za soda na masufuria. Kuanzia matuta ya Bunju, kila tuta ni "krrrp", kama mtu anachana kanga mpya. Ikaja harufu ya raba. Mama mkwe akaniuliza kwa upole, "Mkwe wangu, hili gari linaumwa?" Fundi, nilitamani ardhi ipasuke.

Tulipofika nikamulika kwa simu. Tairi la nyuma kulia lina mfereji umelizunguka lote begani, upana wa ukucha, laini unang'aa kama umepigwa msasa. Kwa ndani ukingo wa madigadi rangi imekwisha, bati jeupe.

Nimeuliza watu watatu nikapata majibu matatu. Fundi wa kwanza anasema tukate ukingo wa madigadi kwa grainda, kazi ya nusu saa. Wa pili anasema tuchomeke zile raba za kubana springi. Rafiki yangu ambaye naye ana gari la chini anasema nilalishe matairi kwa kemba, yaani sehemu ya juu ya tairi ielekee ndani, digrii nne, kila kitu kitaingia. Sitaki kurudi kwenye rimu za zamani, nimeteseka kuzipata hizi. Nifanye nini?

Kijana wa Tabata

*

Marahaba, mdogo wangu, na pole na Jumamosi yako.

Kabla ya rimu, tuongelee tairi la nyuma kulia. Lipeleke mchana kwenye jua, ligeuze polepole gari likiwa juu ya jeki, upitishe kidole gumba kwenye ule mfereji mzunguko mzima. Ukiona nyuzi, au waya, au mahali pamevimba hata kama punje ya harage, tairi hilo limekwisha, halifai hata kuwa spea. Bega la tairi ndipo mikanda ya waya inapoishia na ubavu unapoanza, na ndipo pananyumbuka zaidi kila linapozunguka. Likipasukia mwendo wa barabara ya Bagamoyo na watu watano ndani, hutapata nafasi ya kujiuliza lilikuwa na shida gani. Mpaka ulikague, usipakie mtu nyuma.

Sasa niseme nilichokiona kwenye barua yako, maana jibu umeliandika mwenyewe bila kujua. Gari lilikuwa chini hivyo hivyo, springi zimekatwa hivyo hivyo, na kwa rimu za kiwandani halikugusa. Kwa hiyo si kimo kilicholeta ugomvi. Zamani tairi likipanda lilikuwa linaingia ndani ya madigadi, linapita nyuma ya ukingo. Sasa likipanda linakutana na ukingo wenyewe uso kwa uso. Umelitoa nje, na kimo kinakuja tu kuongeza adhabu.

Chukua kalamu tuhesabu. Ofseti ni umbali, kwa milimita, kutoka mstari wa katikati ya upana wa rimu hadi pale rimu inapokaa kwenye habu, kile kitovu cha chuma inapofungwa rimu. Namba ikiwa kubwa rimu inavutwa ndani, ikiwa ndogo inasukumwa nje. Rimu yako ya kiwandani ya inchi 7 ina upana wa milimita 178, nusu yake 89. Toa 50, ukingo wa nje unakaa milimita 39 kutoka kwenye habu. Rimu mpya ya inchi 8.5 ni milimita 216, nusu yake 108. Toa 35, unapata 73. Yaani ukingo wa rimu umetoka nje milimita 34. Kwa ndani, upande wa shokamzoba, umeongeza milimita 4 tu. Karibu upana wote mpya umeusukumia upande mmoja, upande wa madigadi. Halafu nyuma ukaweka spesa ya 10, ikawa 44. Hivyo ni zaidi ya vidole viwili.

Tairi nalo lina hesabu yake: namba ya kwanza ni upana kwa milimita, ya pili ni kimo cha ubavu kwa asilimia ya upana huo. 215/45 ya inchi 17 ina kipenyo cha milimita 625 hivi. 235/40 ya inchi 18 ina 645. Kwa hiyo juu, karibu na madigadi, raba imesogea milimita 10, na kwa pembeni imenenepa milimita 20. Ukijumlisha unene wa tairi, ofseti na spesa, ubavu wa tairi lako la nyuma umetoka takriban milimita 35 kuliko ulivyokuwa. Muuzaji aliyekufungia 235 hakuangalia gari lako limekaaje. Aliangalia rimu tu, na kweli kwa rimu ya 8.5 tairi la 235 linakaa. Kwa gari lile halikai.

Najua picha unazoziangalia, hata mimi nazipenda. Altezza lilipotoka mwaka 1998 lilipata tuzo ya Gari la Mwaka Japani, na vijana wa kule wamelishusha na kulivalisha rimu pana tangu siku hizo. Lakini kumbuka picha ile gari limeegeshwa, nyuma hakuna mtu, buti halina kreti. Na huko Japani lenyewe likienda kukaguliwa linapimwa: chini ya bodi ibaki sentimita 9 angalau, na rimu isichomoze nje ya madigadi.

Tuanze na kisichogharimu kitu. Leo jioni toa spesa za nyuma. Nyuma utazama kidogo, vumilia. Sababu ya kwanza ni hizo milimita 10 unazozirudisha ndani. Ya pili ndiyo inayonikosesha usingizi. Je, ulipoweka spesa ulibadilisha bolti za gurudumu ukaweka ndefu? Hujaandika, na wengi hawabadilishi. Bolti za Toyota yako ni za milimita 12, hatua ya uzi 1.5. Ili nati ishike sawasawa inatakiwa iingie kwa mizunguko minane kamili. Spesa ya milimita 10 kwenye bolti ya kiwandani inakula zaidi ya mizunguko sita. Kabla hujaitoa, fungua nati moja kwa mkono ukihesabu: moja, mbili, tatu. Ikichomoka kwenye nne au tano, ujue ulikwenda Bagamoyo na kurudi kwa neema ya Mungu.

Na ukiwa hapo hapo, chungulia tundu la katikati ya rimu. Habu ya Altezza ni milimita 60.1, na rimu nyingi za kununua zina tundu kubwa zaidi ili ziingie magari ya aina nyingi. Pete ya plastiki au ya aluminiamu inayoziba nafasi hiyo huwa inapotea kwa mafundi. Kama huna, tafuta Kariakoo upate nne, ukitaja kipimo cha ndani na cha nje. Bila pete, rimu inakaa kwa nati peke yake, na mtetemo wa usukani kwenye mwendo wa 90 utauhangaikia kwa balansi mpaka uchoke. Nati ziwe na koni inayolingana na matundu ya rimu hiyo, kaza kwa kuruka, yaani nyota, kwa spana ya toki hadi newton-mita 103, kisha rudia kukagua baada ya kilomita 100.

Cha pili ni matairi. Hapa utatoa hela, lakini la nyuma kulia huenda unalitupa hata hivyo. Ingia 225/40 ya inchi 18. Inakaa halali kwenye rimu ya 8.5, haivutwi. Kipenyo chake ni 637, maana yake juu unarudishiwa milimita 4 na kila ubavu unarudi milimita 5. Ukiweka pamoja na spesa uliyotoa, ubavu wa nyuma umerudi ndani milimita 15 bila mtu kugusa bodi lako kwa nyundo. Usikubali kushawishiwa ushuke hadi 205 ivutwe kama ngozi ya ngoma ili ipite. Gari lako linabeba familia. Angalia na namba ya uzito ubavuni: 88 ni kilo 560 kwa tairi, usishuke chini ya hapo. Kama unanunua yaliyotumika, soma tarakimu nne za mwisho kwenye kile kiduara ubavuni. 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi zuri kwa macho lenye miaka kumi ni jiwe.

Baada ya hapo, paka chaki. Chaki ya kawaida ya ubaoni, mzunguko mzima wa bega la tairi na kwenye ukingo wa ndani wa madigadi, magurudumu yote manne. Endesha, pita matuta, kata kona, rudi uangalie wapi imefutika. Utashangaa. Watu wengi wanakunja ukingo wote wa madigadi kumbe kinachogusa ni kona ya bampa ya nyuma inapokutana na bati, kile kipande chenye skrubu kinachochungulia ndani. Mbele kushoto kwako nina hakika kiasi kikubwa ni ile kava ya plastiki ya ndani, kwa sababu inalia ukikata usukani hadi mwisho na si kwenye tuta. Hiyo inatolewa klipu, inapashwa moto kidogo, inasukumwa nyuma na kufungwa upya. Usiizoee sauti hiyo tu. Altezza linajulikana kwa kuchosha boli jointi za chini za mbele, na rimu ya ofseti ndogo inaziongezea mzigo pamoja na beringi. Gurudumu likiwa hewani, lishike juu na chini ulitikise. Likicheza, achana na plastiki, tengeneza hilo kwanza.

Sasa springi. Hapa nitakuwa mkali kwa sababu nimezitoa nyingi kwenye magari ya vijana. Springi iliyokatwa haikai kwenye kikombe chake kama inavyotakiwa. Ukiinua gari kwa jeki utaona ncha yake imelegea, inazunguka kwa vidole viwili. Kwenye shimo refu gurudumu likining'inia inaweza kuhama mahali pake. Na kwa kuwa koili zimepungua inakuwa ngumu zaidi, huku shokamzoba ni lile lile la zamani lililotengenezwa kwa springi laini. Tena nafasi ya kushuka imebaki ndogo. Ndiyo maana ukiwa na mashemeji nyuma gari linashuka hadi kwenye raba ya kizuizi, linagonga, linaruka. Tafuta springi za kushushia zilizotengenezwa kwa Altezza, au koilova (springi na shokamzoba pamoja, za kupandishwa na kushushwa) zilizotumika ambazo hazivuji mafuta, uzipandishe. Kwa gari linalobeba watu watano ningelinyanyua nyuma milimita 15 kutoka lilipo sasa. Pima kutoka katikati ya habu hadi ukingo wa madigadi, usipime kutoka ardhini, kwa sababu ukipima kwenye habu, upepo na saizi ya tairi havikudanganyi. Milimita 15 kwa macho ya jirani hazionekani. Kwenye tuta zinaonekana.

Zile raba za kubana springi, hapana. Zinaziba koili mbili zisifanye kazi, mzigo wote unahamia kwa zilizobaki, na kwenye springi ambayo tayari imekatwa unaiomba ivunjike. Nimeshika mkononi springi iliyokatika hapo hapo raba ilipoishia.

Grainda nayo, hapana. Ule ukingo anaotaka kuukata ni mabati mawili yaliyounganishwa, bati la nje na la ndani, yamebanwa pamoja na kuzibwa. Ukiukata unayatenganisha. Maji ya mvua yanaingia katikati, na kwa hewa yetu ya pwani yenye chumvi kutu inaanzia ndani ambako huioni, mpaka siku rangi inavimba mapovu juu ya tairi. Isitoshe, unabakiza ncha ya bati kali kama kisu, imeelekea kwenye raba.

Kinachofanyika, kama baada ya spesa, matairi na springi chaki bado inafutika, ni kuukunja. Kuna roli maalumu inayofungwa kwenye habu, ina gurudumu dogo gumu linalosukuma ukingo kuelekea juu na ndani. Kabla ya roli kupita, rangi inapashwa kwa mashine ya hewa ya moto hadi mkono ukigusa bati uungue kidogo, kama sufuria iliyoanza kutoa mvuke, na inaendelea kupashwa muda wote. Roli inapita mara nyingi, kila mara inakazwa robo tu. Fundi akitaka kumaliza kwa mapito matatu, mwambie asubiri utoe gari lako. Rangi ikiwa ya baridi inapasuka kama ganda la yai, na kama madigadi yako yamewahi kupigwa pasta ya kuziba mabonde, itadondoka hata ikipashwa. Gonga kwa kucha usikie sauti kabla hujaanza. Ukimaliza, paka sila ya bodi, ile ya kuziba maungio ya bati, kwenye ule mkunjo wote na rangi juu yake siku hiyo hiyo. Kukunja tu kunakupa nafasi ya upana wa kidole kidogo, na hiyo inakutosha. Usikubali atanue bati la nje mpaka madigadi yavimbe kwa sababu tu roli ipo mkononi.

Rafiki yako wa kemba hajakosea kabisa, ila amezidisha. Digrii moja inalaza sehemu ya juu ya tairi lako ndani kwa karibu milimita 5 na nusu. Lakini gari lililoshushwa kama hili mara nyingi tayari limelala digrii moja na zaidi bila kuguswa, kwa sababu mikono yake ya nyuma imejengwa hivyo: gurudumu likipanda, juu linaingia ndani lenyewe. Nenda kwanza kwenye wili alaimenti upate karatasi yenye namba zako. Ukiwa kati ya digrii moja na nusu na mbili, simama hapo. Digrii nne, bega la ndani linaisha wakati la nje bado jipya, na kwenye mvua utakuwa unafunga breki kwa kipande cha tairi. Alaimenti hiyo irudiwe kila unapobadilisha kimo, maana matairi yakiangaliana vibaya yanaliwa haraka kuliko kwa kemba.

Ukipata fundi mwenye subira, mwombe kipimo kimoja kabla ya kufunga springi mpya. Afunge shokamzoba la nyuma bila springi, avishe gurudumu, alinyanyue polepole kwa jeki mpaka raba ya kizuizi ianze kubanwa. Hapo ndipo tairi litakapofika siku mbaya kuliko zote. Pitisha penseli kati ya tairi na ukingo. Ikipita mzunguko wote, fungeni. Ikikwama, mnajua mahali na mnajua milimita ngapi, na hakuna mtu wa kukisia tena.

Kisha waombe wale mashemeji wawili na jirani mmoja wa kimo cha mama mkwe, weka kreti zile zile kwenye buti, paka chaki upya, mwende Bunju kwenye matuta yale yale kwa mwendo ule ule. Shuka uangalie. Chaki ikiwa bado nyeupe mzunguko mzima, mpigie simu mama mkwe umwulize lini anataka kupelekwa Bagamoyo.